Aliyecheka Kwanza

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata nikiomba huwa naliruka kama dimbwi. Chiriku aliposhuka kwenye basi la shule na kukataa kulipanda tena, hakufukuzwa na watoto wa Juu. Nilimfukuza mimi.

Haya, nimekosa adabu, hata sijasalimia. Shikamoo Shangazi. Habari za huko, za kazi, za ile baridi uliyosema inaingia mpaka kwenye meno? Sisi ni wazima. Baba anakusalimu, mgongo unamsumbua kwa kukaa kwenye usukani. Mama naye mzima. Saluni ina watu, mikutano yake pia ina watu, na mara nyingi ni walewale, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Mdogo wangu Bonge ameng'oka jino la mbele akiwa amelala kwenye basi, na tunadhani amelimeza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijua: wewe unaita halo, halo, mimi napumua tu mpaka Baba aninyang'anye. Kwenye karatasi nasema, pengine kupita kiasi. Na nimechagua lugha ya nyumbani, maana nikijaribu kwa lugha ya shule jambo hili linatoka limevaa tai.

Mpango unaujua, wewe mwenyewe ulisomea kule mtaa wa Juu. Watoto wa Bondeni tunapakiwa kwenye basi kwenda kuchanganywa na watoto wa Juu, ili pasiwe na shule ya wenye nacho peke yao na shule ya wasio nacho peke yao. Shule yetu ya hapa mtaani imebaki na chekechea tu; vyumba vingine vimejaa madawati yaliyovunjika miguu. Sasa halmashauri imesema itawasikiliza wazazi: mchanganyo uendelee, au kila mtoto asome mtaani kwake. Mama ndiye mwenyekiti wa wanaotaka shule ya mtaani. Baba ndiye dereva wa basi. Unaweza kufikiria chakula cha jioni kwetu kinavyoliwa. Vijiko ndivyo vinavyozungumza.

Chiriku unamkumbuka, binti wa fundi cherehani nyuma ya nyumba yetu, yule anayeongea hata akipiga mswaki. Siku moja mwalimu wa darasa alitaka kila mmoja asimame aeleze kazi ya mzazi wake, kwa lugha ya shule. Mimi nilisema sentensi mbili kuhusu basi nikakaa. Chiriku hakukaa. Aliiga mlio wa cherehani, akaiga mama yake anavyogomba na pini zimejaa mdomoni, na darasa lilikuwa linamfuata, Shangazi, walikuwa wameanza kumpenda. Kisha akamfikia mtoto wa daktari wa meno anayekaa dawati la mbele, akainama, akashika sketi yake na kuligeuza pindo nje. Akasema, "Hii ni kazi ya mama yangu. Hakuna fundi mwingine anayerudisha uzi mara mbili hapa."

Alikuwa na fahari mpaka shingo imerefuka. Na kwetu hilo si kitu. Ukipita kwa mama yake lazima ugeuzwe pindo kabla hujajibiwa salamu. Lakini kule mtu hashiki nguo ya mwenzake. Darasa likanyamaza kama taa iliyozimwa.

Katika kimya kile, mimi nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka puani, kifupi. Kilitosha, maana baada yangu walicheka wote. Mtoto wa daktari wa meno akageuka kumtafuta aliyeanza, akaniona, akatabasamu. Tangu niingie shule ile hakuna aliyewahi kunigeukia hivyo. Kesho yake wakati wa chakula alisogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kwa kiganja. Nikakaa. Bado nakaa pale.

Chiriku aliacha kupanda basi wiki ileile. Huku mtaani habari imeota miguu: watoto wa Juu walimcheka kwa sababu mama yake ni fundi. Saluni wanasema yeye ndiye aliyegeuzwa sketi. Mama anaisimulia kila mkutano, na akifika hapo ananinyooshea kitana: "Si huyu alikuwepo, muulizeni." Mimi natazama sakafu. Wanasema maskini, hata kulisema hawezi. Halafu wanapiga makofi. Ukimya wangu unapigiwa makofi, Shangazi.

Lini utakuja? Bonge anataka kukuonyesha pengo.

Mtoto wa kaka yako asiyekusahau,
Paka


3 Machi

Paka wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani. Nimekawia na sina sababu nzuri ya kukupa, kwa hiyo sikupi. Huku ni wazima. Baridi imeanza kulegea. Kazi ya ukalimani hapa hospitali ni ileile: nakaa kati ya daktari na mgonjwa, huyu akisema nageuza, yule akisema nageuza, na jioni nafika nyumbani koo limechoka kwa maneno ambayo hata moja si langu. Mwambie kaka yangu aweke mto mdogo nyuma ya kiuno, si ule mkubwa wa kochi. Ushauri huu nampa tangu apate leseni. Bonge naye mwambie jino likimezwa halioti tumboni, asije akaanza kuogopa kucheka.

Hilo ulilonieleza nimelisoma, na nimelisoma tena. Hukuniuliza swali, basi nikuulize mimi. Chiriku anasemaje? Barua nzima umeniambia saluni inasemaje, mama yako anasemaje, mtoto wa daktari wa meno alipiga benchi vipi. Chiriku anayeongea akipiga mswaki hana neno hata moja tangu aliachie lile pindo.

Kuhusu mchanganyo na shule ya mtaani, mimi usiniweke kwenye mizani. Juu kulinipa kazi. Lugha ile ndiyo inayonilisha. Lakini pia bibi yako, baada ya mimi kusoma kule, alianza kunisemesha taratibu, akichagua maneno, kama mtu anavyomsemesha mgeni. Nami nilikuwa nimekaa jikoni kwake, kwenye kigoda kilekile, namenya vitunguu. Hadi leo sijui hilo niliweke upande gani wa hesabu.

Mama yako mzima, umesema. Vizuri.

Anayekupenda kutoka mbali,
Shangazi yako


22 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa koo. Huku tunaendelea. Mto mdogo umewekwa na Baba anasema ulikuwa sahihi tangu leseni, lakini nisikwambie kwamba amesema. Bonge aliugua homa shuleni. Walimlaza kwenye chumba cha mapumziko tangu asubuhi, na Mama alipopigiwa simu hakukuwa na gari la Bondeni linalopanda Juu saa zile. Alikwenda kwa miguu. Alipofika, basi la Baba ndiyo kwanza linaondoka na watoto, Bonge akiwa ndani. Mama akapandia humo humo, amesimama, viatu mkononi, na njia nzima hawakusemeshana, yeye na dereva wake.

Nakwambia hili usije ukamwona Mama ni mtu wa kelele tu. Bonge anaamshwa kukiwa na giza. Kuna watoto wadogo kuliko yeye wanaopanda basi wamefumba macho, na dada zao wanawavalisha soksi njiani. Mama anasema shule ni mahali mama anapoweza kufika na kanga mabegani, bila kujieleza getini. Akisema hivyo hata mimi namkubali. Halafu nakumbuka maktaba ya Juu na dirisha lake.

Swali lako halijaacha kunisumbua. Chiriku sijaongea naye. Nampitia kila siku. Anakaa kwenye ngazi ya nyuma anashona vifungo kwenye sare za watu, na nikipita anaacha kuimba. Mimi naharakisha kama ninayefukuzwa na mvua. Baba peke yake ndiye aliyewahi kumtaja nyumbani. Alisema kile kiti cha nyuma ya dereva ni cha Chiriku, na kuna mtoto alitaka kukikalia akamwambia kina mwenyewe. Mama akasema kiti kile kitang'olewa pamoja na basi. Baba akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Sasa lililonileta. Afisa elimu atakuja mwezi ujao kwenye ukumbi wa shule yetu ya mtaani, na wanataka mtoto mmoja azungumze. Nimechaguliwa mimi. Yaani mimi, ambaye kumwita kondakta nashindwa. Mama amenitungia maneno ya kusema. Yanasema tulichekwa. Yanasema "sisi" na "wao", na mimi niko ndani ya "sisi".

Nakuomba umwandikie Mama. Mwambie nina aibu, mwambie nitazimia, mwambie lolote, atafute mtoto mwingine. Wewe ni wifi yake, na umesoma kule, maneno yako yatakuwa na uzito. Ukinikubalia sitakuomba kitu tena.

Lini utakuja? Sikuuliza kwa ajili ya Bonge safari hii.

Wako mwenye woga,
Paka


18 Aprili

Paka wangu,

Marahaba. Bonge apewe maji mengi, na usimruhusu kucheza juani akisema amepona. Mimi mzima. Jana nilimgeuzia bibi mmoja habari ambayo hakuna mtu angependa kuigeuza, naye akanishukuru mimi, si daktari, kana kwamba nimemtungia.

Sitamwandikia mama yako. Si kwamba sikupendi. Kuna watu wawili ambao barua yangu haitafunguliwa mikononi mwao, na mmoja wao ndiye anayekusuka nywele. Ningeandika, ungeharibikiwa zaidi.

Na hata kama ingefunguliwa, nisingeandika. Kazi yangu ni kusema ya watu wengine, na ninaijua mipaka yake. Hili lina mwenyewe.

Najua hii si barua uliyoingoja.

Shangazi yako


5 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bonge amepona, jino jipya limechungulia. Baba anaendesha. Mama yupo. Barua yako ilifika mkutano umeshapita, kwa hiyo ulikataa jambo lililokwisha kufanyika. Nilikukasirikia, halafu hasira ikakosa mahali pa kukaa, maana mengine yalikuwa yamejaa.

Ukumbi wetu una viti vya chekechea. Watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na videvu, na afisa elimu naye vivyo hivyo, faili mapajani. Mama alizungumza vizuri. Alisimulia siku ya homa ya Bonge, hakuongeza chumvi hata chembe, na wanawake walikuwa wanaitika kwa kutikisa vichwa. Kisha akasema, "Sasa mumsikie mtoto mwenyewe."

Nilikuwa na karatasi yake mkononi. Nilisoma mstari wa kwanza, nikamwona Chiriku. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia, ana uzi begani. Mstari wa pili haukutoka. Nikasema, "Aliyecheka kwanza ni mimi."

Sauti haikufika nyuma. Afisa akaniomba nirudie. Nikarudia, nikaeleza na pindo, na benchi, na kwamba mtoto wa daktari wa meno asingecheka kama nisingeanza. Nilisema niandikwe mimi, wasiandikwe wao. Nilidhani nimemaliza kila kitu, Shangazi. Nilidhani watazomea, mpango utabaki, na mimi nitachukiwa kwa haki.

Muuza mkaa akainuka kwenye kile kiti kidogo, kikainuka naye. Hakupaza sauti. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Huyu tulimpeleka kule hasemi na mtu, hana ubaya na mtu. Amerudi anamcheka jirani waliyenyonya pamoja. Kama hiyo ndiyo shule, tuwape na waliobaki?"

Makofi aliyopigiwa yalishinda makofi yote ya Mama. Nilikwenda kuwatetea watoto wa Juu, nikageuka ushahidi dhidi yao. Na mbaya zaidi, sina uhakika kama amekosea. Kulikuwa na baba mmoja wa Juu, amekuja kusikiliza, amekaa karibu na dirisha amevaa viatu vya kung'aa. Naye alipiga makofi, kwa nguvu. Hakuwa na mtoto Bondeni. Nilijiuliza anapigia nini, na nadhani Mama naye alijiuliza, maana alimtazama muda mrefu.

Mama hakupiga. Alikuja akaitoa karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nyingi mpaka ikakataa kukunjika.

Kesho yake nilikwenda kwenye ngazi ya nyuma. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha kwa sentensi ndefu. Chiriku hakunipa nafasi, akasema nisogee namzibia mwanga. Nikasogea. Akatunga uzi, akashona kifungo kizima, mimi nimesimama kama mdaiwa.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Kicheko chako nakijua tangu chekechea. Kinatokea puani."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, basi, siku zote hizi mama yangu anazunguka na ile hadithi.

"Wale wengine wangecheka mpaka wachoke, ningewacheka na mimi, mbona wana meno ya waya. Nilishuka kwa sababu yako." Akakata uzi kwa meno. "Na mama yako ananitembeza kila mkutano kama mgonjwa anayechangiwa. Amekuja hapa kuniuliza nimeumia wapi. Hajaniuliza nataka nini."

Nikamwuliza anataka nini.

"Kurudi. Nilikatwa katikati. Sijafika hata kwenye vifungo."

Sikujua kama nicheke au nilie, na pua yangu, unavyoijua, nikaifunika kwa kiganja. Akaniona. Hakutabasamu, Shangazi, nisikudanganye. Lakini hakuacha kushona, na nilipokaa ngazi ya chini yake hakunifukuza.

Mama hanisemeshi. Ananisuka, ananigeuza kichwa kwa vidole, hanisemeshi. Ni nani hao wawili wasiofungua barua zako? Mmoja umeniambia. Amekukosea nini, au wewe umemkosea nini?

Mwenye kusubiri jibu la kweli,
Paka


19 Mei

Paka wangu,

Marahaba. Safari hii nimejibu upesi, usizoee.

Nimefurahi jino limechungulia. Mimi nina mafua, nageuza maneno ya watu kwa pua iliyoziba, na jana mgonjwa mmoja alimwuliza daktari kama dawa aandikiwe yeye au mimi.

Uliyoyasema ukumbini umeyasema. Hukuweza kuchagua yatakavyosikika, na hilo nakwambia kama mtu wa kazi hiyo: unatoa neno safi, linafika lina nguo za msikilizaji. Usilirudishe kwa sababu hiyo. Atakayelifanya kilemba cha hoja yake anaweza kuwa muuza mkaa, anaweza kuwa yule bwana wa viatu vya kung'aa. Neno lako lilikuwa la Chiriku, naye alilisikia akiwa mlangoni.

Sasa swali lako. Mmoja wa wale wawili ni marehemu, bibi yako, kwa hiyo usihangaike naye. Wa pili ni mama yako.

Mama yako alipanda basi lile. Najua hakukwambia. Mwaka wa kwanza wa mchanganyo tulikuwa wasichana wachache kutoka Bondeni, yeye na mimi tukikaa kiti kimoja, kabla hajaja kuwa wifi yangu, kabla hata hajajua nina kaka. Alikuwa na akili kunizidi, na mdomo kumzidi huyo Chiriku wenu. Alikaa muhula mmoja, akashuka. Mimi niliendelea.

Kwa nini alishuka, sikuandikii. Nimeanza mara kadhaa nikachana. Ningekueleza ningekuwa namsemea, na yeye ni mtu anayejua kujisemea kuliko wote ninaowajua. Mwulize. Akikataa, atakuwa amekataa yeye.

Umeniuliza katika barua zako lini nitakuja. Jibu liko kwake zaidi kuliko kwangu.

Mwambie kaka yangu kiti kile asikitoe.

Shangazi yako


9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani mchana, mlango nimeurudishia, na mkono unaharakisha, kwa hiyo salamu nazikusanya: wote wazima, wote wanakusalimu, Bonge ameanza kuuma kila kitu na jino jipya. Ugua pole.

Halmashauri imetoa uamuzi. Kuanzia mwaka ujao kila mtoto atasoma mtaani kwake. Wametangaza kwa spika, na Bondeni palikuwa na vigelegele. Vile vyumba vya shule yetu vinapigwa rangi tayari. Bonge ataamka jua limetoka, na nilipomwambia alinikumbatia kiuno asijue kwamba sikuwa na furaha yake yote. Juu nako wamefurahi, nasikia. Mtoto wa daktari wa meno aliniambia kwenye benchi kwamba baba yake alisema sasa kila kitu kitarudi mahali pake. Alinitazama, akaona alichosema, akasema, "Si wewe." Nilimwuliza kama si mimi ni nani. Akanigawia nusu ya chungwa, nikalila. Sijui ningefanya nini na chungwa.

Lakini wameacha mlango mmoja. Sisi tuliobakiza mwaka wa mtihani tunaweza kumalizia Juu kama mzazi atakubali. Litabaki basi moja na dereva mmoja, na wamemchagua Baba.

Chiriku alikuja kunieleza yeye mwenyewe. Alikuja dirishani, hakuingia, lakini alikuja. Mama yake amemwambia, "Atakachofanya mwenyekiti kwa mtoto wake, nami nitafanya kwako." Kwa hiyo sote tuko mkononi mwa Mama. Baba alipoligusia mezani, Mama alicheka kicheko kibaya. "Mwenyekiti wa shule ya mtaani, mtoto wake yuko Juu. Saluni yangu watanisuka mimi." Baba akasema watu husahau. Mama akasema yeye hakusahau. Baba hakuuliza nini. Nadhani anajua, Shangazi. Nadhani nyumba nzima inajua isipokuwa mimi na Bonge.

Leo saluni imefungwa, na Mama alikuwa sebuleni peke yake anaosha vitana kwenye beseni. Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa lugha zote mbili nione yapi yatakubali kutoka. Yalitoka ya nyumbani.

"Mama, kwa nini ulishuka kwenye basi?"

Vitana vikaacha kugongana. Hakugeuka. Akauliza nani kaniambia.

"Shangazi."

Jina hilo katika chumba hicho, kwa sauti yangu, lilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Kisha akasema, si kwa hasira, "Kwa hiyo huwa anaandika."

Nikasema ndiyo, huwa anaandika. Nikaogopa kwamba nikinyamaza sitaanza tena, nikaunganisha hapo hapo: nataka kumalizia Juu, lakini na Chiriku. Yeye akirudi amalize ile hotuba yake hadi vifungo, mimi nitakaa naye dawati moja, na atakayecheka atacheka tukiwa wawili. Chiriku asiporuhusiwa, na mimi nitabaki hapa chini, kwenye vyumba vipya vya rangi, dawati moja vilevile. Juu peke yangu siendi tena. Nikamwambia aamue, nitakubali, ila asiamue kwa ajili ya saluni.

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Nilitegemea kofi, au lile neno la kunifunga mdomo. Aliinua kitana kimoja majini, akakitazama meno yake kwenye mwanga, akakiweka pembeni.

"Nenda chumbani," akasema. "Namaliza hivi. Nakuja."

Ndiyo maana naharakisha. Nasikia beseni likimwagwa uani. Nasikia bomba likifungwa. Nilitaka kukuuliza kama alikuwa akicheka vipi wakati ule, mlipokuwa kiti kimoja, kama kicheko chake kilitokea kifuani au wapi, maana mimi nakijua hiki cha sasa tu.

Hizo ndara zake. Zinakuja. Karatasi nitaitelezesha chini ya mto akiingia, hii sentensi naimalizia kwa penseli ya Bonge. Zimesimama nje. Mama hajawahi kubisha mlango wa chumba hiki, nyumba ni yake, husukuma tu akiwa tayari anaongea.

Anabisha.